Kabla ya Jeki

Pemba haina masafa ya kutisha. Kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini ni kama kilomita 67, na upana wake ni kilomita 22 hivi. Aliyezoea njia za Bara, za kuondoka alfajiri na kufika usiku, anaweza kudhani kwamba gari kuharibika hapa si jambo la kumtia mtu wasiwasi. Lakini Pemba ni kisiwa cha vilima. Barabara hupanda, ikakata kona, ikateremka bondeni kwenye mpunga, ikapanda tena, na pembeni mwa kila kona imesimama mikarafuu au migomba inayouziba upeo wa macho. Pahala palipo tambarare, panapoonekana kwa mbali kutoka pande zote mbili, ni adimu. Gari lenye mpira uliopata pancha hapa halina nafasi ya kusimama ovyo.

Ndiyo maana nimejifunza kuwatazama mautingo wa gari za abiria za Pemba kwa makini, wale vijana wa njia ya 606 iendayo Wete na 603 iendayo Mkoani. Gari zao nyingi ni malori madogo yaliyoundiwa bodi, mabenchi yakipita ubavuni, paa likibeba magunia ya muhogo, mikungu ya ndizi, vikapu vya samaki na wakati mwingine baiskeli. Utingo ndiye apokeaye nauli, apandishaye mizigo, agongaye bodi kumwashiria dereva. Na mpira ukipata pancha, ndiye fundi. Wengi wanaomtazama humsifu kwa wepesi wa kufungua nati. Mimi namsifu kwa yale anayoyafanya kabla ya kuligusa jeki, maana huko ndiko uliko ujuzi wenyewe.

Mwaka 2023, katika mashindano ya magari ya Formula 1 huko Qatar, timu ya McLaren ilibadilisha mipira yote minne ya gari moja kwa sekunde 1.80. Ni kazi ya ajabu, nami siidharau. Lakini pale kuna watu wapatao ishirini, sakafu imesawazishwa, kila gurudumu lina nati moja tu, na hakuna lori la mchanga linaloteremka kilimani nyuma ya mgongo wa fundi. Uwanja umeshatayarishwa. Utingo wa Pemba hutayarisha uwanja wake mwenyewe, kila mara upya, kwenye udongo asiouchagua.

Kazi huanzia kwenye mguu wa dereva. Mpira ukipasuka gari likiwa mwendoni, mguu hutaka kukimbilia breki, na dereva mjuzi huuzuia. Gari tayari linavutwa upande mmoja na mpira uliolala. Breki ya ghafla huusukuma uzito wote mbele, na kama mpira uliopasuka ni wa mbele, mvuto huo huzidi mpaka usukani ukamponyoka. Kwa hiyo huushika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, akaiacha gia ipunguze mwendo. Gari huyumba, abiria husema bismillahi, kisha huanza kutii. Baada ya hapo, mwenye pupa angesimama papo hapo. Dereva aliyelelewa na njia hizi haachi gari kwenye kona wala kwenye mteremko. Huliburura polepole, mpira ukipiga kofi lami, mpaka pahala palipo sawa. Najua wapo wanaosikitika kwamba mpira huo utakufa na huenda rimu ikapinda. Waacheni wasikitike. Mpira hununuliwa mjini Chake Chake.

Msimu wa karafuu huleta jambo jingine. Kando ya barabara, kwenye ukingo uleule ambao dereva angeutaka, majamvi yametandazwa na karafuu zimeanikwa, zikigeuka rangi siku hadi siku. Hiyo ni fedha ya nyumba inayosubiri kupelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Sijapata kuona dereva wa gari la abiria akilipandia jamvi hata akiwa na mpira bapa. Atasogea mbele kidogo, au utingo ataruka chini kwanza akazungumze na wenyewe: "Shikamoo bi mkubwa. Tuna pancha. Tukunjie pembe hii tu, twakuomba, tukimaliza tutakutandikia." Na wakimaliza, humtandikia.

Kisha hushusha abiria. Wapo wanaotaka kubaki, hasa jua likiwa kali, na utingo asiyejua kazi huwaacha. Anayejua hamwachi mtu. Uzito wa watu kumi na watano si kitu kidogo kwa jeki, lakini kinachotisha zaidi ni kutikisika: mtu mmoja akihama benchi, gari lililonyanyuliwa hucheza. "Mama, nipe mtoto nikupokelee. Mzee, shika hapa. Nyote huku juu, kwenye ukingo, si barabarani." Huwapandisha upande wa kushoto, nje ya lami, na kama kuna mwinuko huwaweka juu yake. Hawaachi wasimame mbele ya gari wala chini ya mteremko wake, ambako gari likiponyoka litawafuata. Nimewaona wanaofanya hivi bila kupaza sauti hata kidogo, na abiria wakatii kama walivyotii wakati wa kulipa nauli.

Wakati huohuo mtu mwingine, mara nyingi abiria kijana, ametumwa kukata matawi. Magari mapya huja na pembetatu za kuakisi mwanga, nazo ni nzuri, hasa usiku. Lakini Afrika Mashariki nzima inaisoma lugha ya matawi mabichi yaliyowekwa juu ya lami: mbele kuna gari bovu. Tatizo ni umbali. Wengi huyaweka hatua chache nyuma ya gari, ambapo hayamsaidii mtu, kwani mwenye kuyaona matawi amekwisha kuliona na gari. Hesabu yake ni hii. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akishtuka na kuamua kwa sekunde moja na nusu, ameshapita mita 25 kabla breki haijashika, na barabara ikiwa kavu atahitaji kama mita 20 zaidi kusimama. Hiyo ni mita 45 kwa gari dogo lenye breki nzima. Lori lenye mzigo, katika mvua za masika, lataka zaidi sana. Kwa hiyo utingo mwenye akili hayapimi matawi kwa gari. Huyapima kwa kona. Huyapeleka hadi kabla ya kona kuanza, upande wa pili wake, ili dereva ajaye ayaone angali na barabara ya kutosha mbele yake. Na huweka mengine upande wa mbele wa gari vilevile, kwa sababu barabara ni nyembamba na watokao Wete nao wana haki ya kujua.

Sasa mawe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili limewaponza watu wengi ambao walikuwa na hakika wamefanya kila kitu sawasawa. Mtu huvuta handibreki, huingiza gia ya kwanza, akaamini kwamba gari limefungwa. Gari likiwa chini kwa magurudumu yote, kweli limefungwa. Lakini difu, ule mtambo wa meno unaogawa nguvu ya injini baina ya gurudumu la kulia na la kushoto, huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka tofauti. Ukinyanyua gurudumu moja la ekseli inayoendeshwa na injini, lile lililo hewani likawa huru kuzunguka kinyumenyume, basi mwenzake aliye chini naye amekuwa huru kuzunguka, na gia haishiki kitu. Vivyo hivyo kwa gari dogo la otomatiki linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele: ukinyanyua gurudumu la mbele, kuliweka kwenye P hakulizuii. Inabaki handibreki, ambayo kwa kawaida huyashika magurudumu ya nyuma tu. Na ukinyanyua moja la nyuma, handibreki yako imebaki na gurudumu moja. Kwa hiyo kuna mawe. Utingo huyachagua kwa jicho, la pembe kali badala ya la mviringo, akalisukuma kwa kisigino mpaka libane kwenye gurudumu la pembe iliyo mkabala na ile atakayoinyanyua, moja mbele na moja nyuma. Kijiji kisichokuwa na mawe makubwa kina magogo. Nimemwona mmoja akirudi hatua thelathini kutafuta jiwe la pili ilhali la kwanza lilikuwa zuri, na hakuna aliyemtuma.

Baada ya mawe, bado jeki linasubiri. Nati hulegezwa gari likiwa chini. Mpira ulioshikwa na ardhi hauzunguki, na nguvu yote ya spana huishia kwenye nati. Gari likiwa juu, nguvu hiyohiyo hulisukuma litoke kwenye jeki. Huzilegeza robo mzunguko tu kila moja. Hasimami akavuta spana juu kwa mgongo. Huiweka spana ikielekea upande ambao ataisukuma chini kwa uzito wa mwili, mkono ukiwa umenyooka, ili nati ikiachia ghafla vidole visigonge lami. Kwa malori ya zamani kama Bedford, na kwa malori mengi ya Kijapani ya miaka ya nyuma, nati za upande wa kushoto zimekatwa kinyume: za kulia hufunguka kama nati zote duniani, za kushoto hufunguka kwa kuzungushwa njia ya saa. Sababu ni kwamba gari likienda mbele, mzunguko wa gurudumu huelekea kuikaza nati badala ya kuilegeza. Asiyejua hili huchukua paipu refu, akazidisha nguvu, akadhani anafungua kumbe anakaza mpaka boliti ikatike. Utingo hulijua kwa mkono. Nikimwona mtu akifika upande wa kushoto wa lori, akatazama mwisho wa boliti kabla ya kuivisha spana, najua amefunzwa na mtu aliyejua.

Ndipo jeki linapotolewa. Udongo wa Pemba ni mwekundu na wa mfinyanzi kwingi, na baada ya mvua ya usiku mmoja tu hulimeza jeki. Kwa hiyo gari lolote linalojiheshimu huwa na kibao kinene chini ya benchi, kimepakaa mafuta na kimechakaa kingo. Kibao hutandikwa kwanza, kikatikiswa, kikachimbiwa kidogo pale kinapoinama. Jeki la mafuta, lile la umbo la chupa, husimamishwa chini ya ekseli; gari dogo la nyumbani hunyanyuliwa pale palipoimarishwa kwenye ukingo chini ya mlango, si popote. Kisha hulipandisha taratibu, akisimama mara mbili tatu kulitazama kama limesimama wima. Mpira wa spea ameshaulaza chini ya gari, kando ya jeki, ubavu ukiangalia juu. Jeki likishindwa, gari litaangukia mpira badala ya kumwangukia mtu. Na akishautoa mpira mbovu huubadilisha na ule: mbovu unaingia chini, mzima unatoka. Katika kazi yote hiyo haingizi kichwa wala goti chini ya bodi.

Nati alizozitoa haziachi mchangani. Huziweka kwenye kitambaa, au ndani ya kofia, na kabla ya kuzirudisha hupangusa uso wa rimu na wa kitovu cha gurudumu kwa kiganja, kwa sababu punje ya udongo iliyobanwa hapo leo ni nati iliyolegea kesho. Upande wa nati uliochongwa kama pia huelekezwa kwenye rimu, ili uketi ndani ya tundu lake na kuliweka gurudumu katikati. Hukaza kwa vidole kwanza. Kisha, kwa spana, hukaza moja, akaruka kwenda iliyo mkabala nayo, akarudi. Nati tano humchorea nyota. Mwenye kukaza moja baada ya moja kwa kuzunguka huliminya gurudumu upande mmoja, na utalihisi kwenye usukani ukifika Konde.

Kukaza kwa mwisho hufanywa gari likiwa limeshuka. Watu huamini kwamba nati haikazwi ikazidi. Huzidi. Nati za gari dogo la Toyota hutaka nguvu ya takriban nyutoni mita 103, ambayo ni sawa na kuning'iniza kilo 35 mwisho wa spana yenye sentimita 30. Mtu mzima akipanda juu ya spana hiyo na kurukaruka, kama tunavyowaona wengi wakifanya kwenye vituo, ameipa mara mbili au zaidi, na boliti iliyovutwa kupita kiasi haitakuonya siku itakapokatika. Lori hutaka nguvu nyingi kuliko hizo, lakini nalo lina kipimo chake, na mkono uliofunzwa hukifikia na kusimama.

Halafu hufanya jambo ambalo kwangu ndilo kipimo cha utu wa kazi hii: hurudi kuyaokota matawi. Yote, ya nyuma na ya mbele, akayatupa mtaroni, na mawe akayasukuma kando. Wasiofanya hivyo humwachia mwendesha pikipiki wa saa mbili usiku jiwe katikati ya njia, na wanaifundisha barabara kusema uongo, maana matawi yakikaa siku tatu bila gari, wiki ijayo hakuna atakayeyajali.

Wenye gari za nyumbani wana mambo yao, na nayapitia kwa ufupi. Gari nyingi zinazofika Zanzibar zimetumika Japani, na nyuma chini ya zulia kuna mpira mwembamba wa akiba ambao mwenye gari hajapata kuutazama. Kwa kawaida mpira wa aina hiyo hutaka upepo wa PSI 60, karibu mara mbili ya mipira mingine, na haufai kupita kilomita 80 kwa saa. Yote hayo yameandikwa ubavuni mwake. Pia kuna tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu: 2309 maana yake umetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira wa umri huo unaweza kuonekana mpya kwa sababu haujagusa lami, na bado raba yake imekauka. Uangalieni leo, nyumbani, penye kivuli.

Gari la abiria likifika kituo cha kwanza baada ya pancha, utingo hushuka kabla ya abiria na spana mkononi, akazijaribu nati zote. Hii ndiyo kanuni inayotajwa na mafundi wa kila nchi, kwamba gurudumu lililofungwa upya likazwe tena baada ya kilomita 50 hivi hadi 100. Kwa Pemba kanuni hiyo ni kisiwa kizima, Mkoani hadi Konde, kwa hiyo wao wameifupisha: kituo cha kwanza, na kisha mwisho wa njia. Akipita nyuma, penye mipira miwili miwili, huigonga yote kwa spana. Mpira uliojaa hujibu "ndi!" na spana ikaruka; wa ndani uliolala, ambao macho hayawezi kuuona kwa kuwa mwenziwe ameubeba, hujibu "bwe".

Mpira mbovu hupelekwa kwa fundi wa pancha, na hapo kazi hupokelewa na mikono mingine yenye subira ileile. Raba mbichi hulainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Ni Mmarekani Charles Goodyear aliyegundua mwaka 1839 kwamba ikichanganywa na salfa na kupashwa moto hushikamana na kuwa ngumu bila kupoteza unyumbufu. John Boyd Dunlop naye, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hati ya mpira wake wa upepo mwaka 1888, baada ya kuujaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kazi za watu hao wawili utazikuta zikiendelea chini ya mwembe, juu ya kibao cha chuma. Fundi huitoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha ndani ya karai la maji, akaizungusha polepole mpaka mapovu yaoneshe tundu. Hupakwaruza, akaweka kipande cha raba mbichi, akabana kwa kibano kilichotengenezwa kwa pistoni kuukuu, akamimina mafuta kidogo ndani ya pistoni hiyo na kuyawasha. Moto ukizimika wenyewe, joto limetosha.

Lakini kabla ya kuirudisha tyubu, fundi mzuri hupitisha kitambaa ndani ya mpira wote, mzunguko mzima, akingojea kinase. Msumari uliotoboa mara nyingi bado umo, ncha yake ikichungulia kwa ndani, na asiyeutafuta atamwona mteja wake tena kabla ya alasiri. Hutumia kitambaa kwanza ili asijikate; kidole hufuata baadaye, pale kitambaa kiliponasa. Akishaupata huung'oa kwa koleo na kumkabidhi utingo, naye huutazama, akaona kama ni wa mbao za ujenzi au wa bati, akajua ni wapi njiani amwambie dereva apunguze kesho. Kisha mpira unajazwa, valvu inapakwa povu la sabuni kuangalia kama inavuja, na utingo halipi mpaka ameliona povu limetulia.